Je, Aliyekuuzia Dawa ya Kupunguza Uzito Ana Jina?

Tangazo la aina hii limezagaa kwenye status za WhatsApp na kurasa za Facebook na TikTok. Kalamu ya sindano imelazwa mezani, kando yake picha mbili za mwanamke mmoja, ya kwanza akiwa mnene, ya pili akiwa amepungua. Chini yake kumeandikwa: "Kilo kumi mwezi mmoja, bila kujinyima chakula. Bei njoo inboksi. Tunatuma kaunti zote 47." Anayeitaka hutuma pesa kwa simu, na kesho yake hupigiwa akachukue mzigo wake stejini.

Sasa tazama yaliyokosekana. Hakuna jina la mfamasia wala la duka. Hakuna nambari ya leseni. Hakuna mtaa wala jengo ambalo mtu anaweza kwenda kugonga mlango. Kuna nambari ya simu tu, na nambari ya simu huzimwa kwa dakika moja.

Sheria za Kenya zinamlinda mnunuzi wa mtandaoni kuliko wengi wanavyodhani. Unaweza kuvunja mapatano, kurudishiwa pesa, kulipwa fidia ukidhurika, na kufanya hayo yote bila wakili. Lakini haki hizo zote husimama juu ya jambo moja: awepo mtu wa kudaiwa. Kwa hivyo kabla hujajisumbua kuchunguza kama dawa ni halisi, chunguza anayeuza ni nani. Muuzaji mwenye jina, leseni na mlango ana cha kupoteza akikuuzia sumu. Asiye navyo hana.

Ndani ya kifurushi huwa mna nini?

Dawa zinazotafutwa zaidi siku hizi ni za sindano zenye semaglutide au tirzepatide. Ozempic, yenye semaglutide na inayotengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Wegovy, yenye kemikali ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi, iliidhinishwa huko Juni 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito. Mounjaro ya Eli Lilly, yenye tirzepatide, ikafuata mwaka 2022, nayo kwa kisukari. Hizi ni dawa za kweli na zina kazi ya kweli. Hutolewa kwa agizo la daktari, huanzishwa kwa kipimo kidogo kinachopandishwa polepole, na kabla ya kufunguliwa hutunzwa kwenye friji katika nyuzijoto 2 hadi 8. Hata kalamu iliyotoka kiwandani ikiwa halisi huenda ikaharibika baada ya kushinda juani kwenye buti la matatu.

Umaarufu huo ndio uliowavuta waghushi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kuhusu bechi tatu za Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil na Uingereza mwezi Oktoba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo. Jambo la kutisha liko kwenye bechi ya tatu. Ilibeba nambari halali kabisa ya kiwanda, MP5E511, ila bidhaa yenyewe ilikuwa bandia. Yaani waghushi walinakili nambari ya kweli. Ukiambiwa "angalia nambari ya bechi, inalingana", jua kwamba hilo pekee halithibitishi kitu. WHO ilitaja pia ishara moja unayoweza kuiona kwa macho: unapozungusha kalamu kuweka dozi, sehemu yenye tarakimu ikichomoza nje ya kalamu, hiyo yaelekea ni bandia.

Oktoba 2023 nchini Austria, watu kadhaa walilazwa hospitalini baada ya kujidunga kalamu zilizoshukiwa kuwa bandia. Sukari yao ilishuka mno na wengine wakapata degedege. Mamlaka za huko zilishuku kwamba ndani ya kalamu hizo mlikuwa na insulini. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini bila kujua, anaweza kufa.

Kundi la pili ni chai na kapsuli zinazouzwa kwa jina la "mitishamba" au "asilia". Mara nyingi maabara za nchi mbalimbali zimekuta humo sibutramine, kemikali iliyokuwa dawa halali hadi mwaka 2010. Iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani baada ya utafiti uliohusisha watu wapatao 10,000 kuonyesha kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kifungashio huonyesha majani ya kijani, na sibutramine haitajwi popote. Mwenye shinikizo la damu hunywa chai hiyo akidhani anajisafisha tumbo.

La tatu ni DNP, kemikali ya viwandani iliyotumiwa kupunguza uzito miaka ya 1930 kabla ya kukataliwa kwa sababu ya vifo. Mwaka 2015 mwanafunzi wa miaka 21 alifariki Uingereza baada ya kumeza kapsuli za DNP alizonunua mtandaoni. Aliyemuuzia alikuwa akiijaza kemikali hiyo kwenye kapsuli katika nyumba moja jijini London. Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia na akahukumiwa kifungo cha miaka saba.

Nani ana ruhusa ya kukuuzia dawa?

Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inakataza mtu yeyote kufanya biashara ya dawa bila kusajiliwa na bila kuwa na jengo lililosajiliwa. Msimamizi wa sheria hiyo ni Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Dawa yenyewe pia lazima iwe imesajiliwa na Bodi kabla ya kuuzwa nchini, na anayeiingiza kutoka ng'ambo lazima awe na kibali cha Bodi.

Mtandao haupunguzi masharti haya hata moja. Duka la dawa linalouza kwa intaneti linahitaji leseni na mfamasia anayewajibika, kama lile lililo kando ya barabara. Dawa inayohitaji agizo la daktari inahitaji agizo hilo hata ikiletewa mlangoni. Anayekuuzia sindano bila kukuuliza agizo amekwisha vunja sheria kabla hata hujafungua kifurushi.

Tangazo nalo lina sheria yake. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inamtia hatiani anayeweka lebo, anayeuza au anayetangaza dawa kwa njia ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora, nguvu au usalama wake. Zingatia neno "anayetangaza". Mtu maarufu anayelipwa kuisifu chai ya kupunguza tumbo kwenye ukurasa wake hawezi kujitetea moja kwa moja kwamba yeye hakuuza.

Bandia ni ipi, na jenerik ni ipi?

Watu wengi huchanganya mambo haya, na wauzaji wajanja hunufaika. Dawa jenerik ni dawa halali yenye kemikali ile ile ya dawa ya jina kubwa, imetengenezwa na kampuni nyingine na kusajiliwa kwa jina lake. Bei yake nafuu si dalili ya ubovu. Dawa bandia hudanganya kuhusu ilikotoka au kilichomo. Dawa isiyosajiliwa huenda ni halisi huko itokako, lakini hapa nchini hakuna aliyeikagua.

Tofauti hii imeshaamuliwa mahakamani. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ilipotungwa, tafsiri yake ya "bidhaa ghushi" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzinasa dawa jenerik. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya ukimwi walikwenda Mahakama Kuu kwa Ombi nambari 409 la 2009. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo, kadiri vilivyohusu dawa jenerik, vilitishia haki ya kuishi, ya utu na ya afya iliyo katika Katiba. Basi muuzaji akikwambia, "Hii ni jenerik ndiyo maana haina karatasi," anakuchezea. Jenerik halali ina usajili, ina jina la kiwanda na ina mfamasia wa kuitolea hesabu.

Kuhusu wewe mnunuzi, ondoa hofu. Chini ya sheria hiyo ya 2008, kosa la kuwa na bidhaa ghushi ni la anayekuwa nazo katika shughuli za biashara. Akipatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa hiyo sokoni, au adhabu zote mbili. Uliyenunua kalamu moja kwa matumizi yako huna sababu ya kuogopa kuripoti. Lakini ukinunua kumi uwagawie wenzako wa chama kwa faida kidogo, umevuka mstari. Wewe sasa ni muuzaji wa dawa bila leseni.

Umeitumia na unajisikia vibaya?

Hapa weka kando mambo ya pesa. Jasho jingi la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kizunguzungu, kuchanganyikiwa au degedege ni dalili za sukari kushuka. Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari upesi, kisha aharakishwe hospitali. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, joto kali la mwili, au maumivu makali ya tumbo yasiyoisha yanahitaji hospitali vilevile.

Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imelirudia hilo na kuweka adhabu kwa anayelikiuka. Hospitali haina ruhusa ya kukuacha nje ya lango kwa sababu hujalipa amana huku maisha yako yako hatarini.

Beba kalamu au kopo ulilotumia, pamoja na boksi lake. Mwambie daktari ukweli wote: ulitumia nini, lini, mara ngapi, ulikipata wapi. Sheria hiyo hiyo ya Afya inalinda siri ya mgonjwa, kwa hivyo habari zako haziwezi kutangazwa ovyo. Nasisitiza hili kwa sababu aibu ndiyo inayowachelewesha wengi. Mtu amenunua kwa siri, mumewe au dada zake hawajui, na anaona bora avumilie kuliko kuulizwa maswali. Muuzaji asiye na jina anaishi kwa kutegemea ukimya huo. Hakuna sheria ya Kenya inayomwadhibu mtu kwa kutaka kupungua.

Mwombe daktari au mfamasia akusaidie kuripoti kwa Bodi. Kuna fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, na fomu ya waridi ya kuripoti dawa inayoshukiwa kuwa mbovu au bandia. Mwananchi pia anaweza kuripoti mwenyewe. Omba nakala ya kumbukumbu za matibabu na utunze kila risiti ya hospitali. Ukija kudai fidia, hizo ndizo zitakazozungumza.

Haki zako kama mnunuzi

Msingi ni Ibara ya 46 ya Katiba. Kila mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro za bidhaa. Ibara hiyo inagusa bidhaa za serikali na za watu binafsi pia.

Pamoja na msingi huo zipo sheria tatu ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukiuziwa "Ozempic halisi" ukaletewa kitu kingine, muuzaji amevunja sharti la mauzo, hata kama yeye mwenyewe alidanganywa na aliyemuuzia. Na ukimweleza muuzaji unataka bidhaa ya kazi gani ukategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo lazima iifae kazi hiyo.

Ya pili ni Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012. Kusema bidhaa imeidhinishwa ilhali haijaidhinishwa, au ina manufaa isiyokuwa nayo, ni mwenendo usio wa haki. Aliyenaswa hivyo anaweza kuvunja mapatano, kudai pesa zake na kuomba fidia, mradi atoe ilani ndani ya mwaka mmoja tangu mapatano yafanyike. Sheria hii inatambua pia mapatano ya mtandaoni, yaani yaliyofanywa kwa maandishi kupitia intaneti. Mazungumzo yenu ya WhatsApp ni mapatano. Muuzaji anatakiwa kukupa taarifa muhimu kabla hujakubali, na nakala ya mapatano baada ya kukubali. Asipofanya hivyo unaweza kufuta, lakini muda wa kufuta ni mfupi na huhesabiwa kwa siku. Usikae kusubiri.

Ya tatu ni Sheria ya Ushindani ya 2010, na humu mna kifungu kinachomfaa sana aliyedhurika na bidhaa asiyojua imetoka wapi. Ukitaka kudai fidia kwa bidhaa yenye kasoro na hujui mtengenezaji, unaweza kumwandikia aliyekuuzia ukimtaka akutajie mtengenezaji au aliyempa yeye bidhaa hiyo. Siku 30 zikipita hajakujibu, sheria inamhesabu yeye kuwa ndiye mtengenezaji. Kwa maneno mengine, anayeficha chanzo cha dawa anaubeba mzigo wa aliyeitengeneza.

Visingizio utakavyoambiwa

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya yamebandikwa katika maduka mengi na sasa yamehamia mtandaoni. Hayana nguvu juu ya haki zako. Sheria ya Kuwalinda Wateja inasema haki zilizomo hudumu hata kama kuna makubaliano ya kuziondoa.

"Ulishaifungua." Kasoro ya dawa bandia ilikuwepo kabla hujaifungua, na hungeweza kuijua bila kuifungua.

"Mimi ni wakala tu, mwenye mzigo yuko Dubai." Wewe ulipatana naye na pesa zilimfikia yeye. Kama ana bosi, na amtaje. Hilo ndilo swali la siku 30.

"Wewe mwenyewe ulijua huna agizo la daktari." Hili lina uzito kidogo, na usilipuuze. Muuzaji anaweza kulitumia kupunguza fidia yako. Lakini wajibu wa kudai agizo ni wa anayetoa dawa, na uongo kwamba dawa ni halisi hauhalalishwi na kosa la mnunuzi.

Na kama uliiagiza mwenyewe kutoka nje ya nchi? Hapa haki zako zinadhoofika haswa. Mzigo unaweza kuzuiliwa na forodha kwa kukosa kibali cha Bodi, na muuzaji aliye nje ya nchi ni vigumu mno kumfikia hata ukiwa na hukumu mkononi.

Kusanya ushahidi kabla hujagombana

Kosa kubwa ni kuanza kwa matusi. Muuzaji atakuzuia, atafuta tangazo, na utabaki na hasira zako. Kabla hujasema lolote, piga picha ya skrini ya tangazo, ya ukurasa wake na ya mazungumzo yote, tarehe na nambari ya simu zikionekana. Piga picha boksi pande zote, lebo, nambari ya bechi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kifurushi kilichokuja nalo. Weka risiti ya kampuni iliyosafirisha mzigo, kwa maana huwa na jina na simu ya aliyetuma. Usiitupe dawa iliyobaki, na usimpe muuzaji "akakubadilishie" kabla hujaripoti.

Kisha fungua ujumbe wa M-Pesa. Mwenye ukurasa anaweza kujiita jina lolote apendalo, lakini ujumbe ule unaonyesha jina lililosajiliwa la aliyepokea pesa, au la biashara yenye till, pamoja na tarehe, saa na nambari ya muamala. Mara nyingi hapo ndipo muuzaji anapata jina kwa mara ya kwanza. Usiufute. Wengine hukimbilia kuutuma kwa 456 wakiomba pesa zirudishwe. Huduma hiyo imewekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa. Haiamui mgogoro wa bidhaa, na haichukui nafasi ya madai.

Barua ya madai

Ukishaupata ushahidi, andika. Barua fupi kwa WhatsApp au baruapepe yatosha, mradi uweze kuthibitisha imefika. Unaweza kufuata mfano huu:

"Tarehe … nilinunua kwako kupitia WhatsApp kalamu moja ya dawa uliyoiita Ozempic kwa Sh…, nikakulipa kwa M-Pesa, nambari ya muamala …. Uliniandikia kwamba dawa hiyo ni halisi na imesajiliwa. Nimethibitisha kwamba haijasajiliwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 ninavunja mapatano yetu na ninadai unirudishie Sh… zote ndani ya siku 14. Pia ninakutaka unitajie kwa maandishi, ndani ya siku 30, jina na anwani ya mtengenezaji wa bidhaa hii na ya aliyekuuzia wewe. Usiponilipa, nitawasilisha madai mahakamani."

Usiongeze maneno kama "nilipe la sivyo nitakupeleka polisi", wala usimwahidi kunyamaza akikulipa. Vitisho vya namna hiyo vinaweza kukugeuza wewe mshtakiwa. Kudai pesa ni jambo moja, kuripoti uhalifu ni jambo lingine, na unaruhusiwa kuyafanya yote mawili kila moja mahali pake.

Wapi pa kupeleka

Dawa yenyewe, ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Ikiwa ni bidhaa ya kughushi, peleka habari pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Matangazo ya uongo yanaangukia Mamlaka ya Ushindani. Ikiwa ulilipa na hukuletewa chochote, au umeuziwa kwa hila, ripoti polisi na upewe nambari ya OB. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kikiwa hadi miaka mitatu.

Pesa zako zidai katika Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa na sheria ya 2016 na ikaanza kazi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na ya fidia ya majeraha. Huhitaji wakili. Unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Chapisha picha zako za skrini na uzipange kwa tarehe: tangazo, mapatano, malipo, mzigo, barua ya madai. Madai makubwa zaidi huenda mahakama ya hakimu, na hapo tafuta wakili. Muda nao una kikomo, miaka mitatu kwa madai ya kudhuriwa mwili na sita kwa madai ya mkataba.

Na picha zako je?

Wauzaji wa dawa hizi hupenda kuomba picha za "kabla na baada", eti wafuatilie maendeleo yako. Siku moja unajikuta kwenye tangazo lao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Kutumia picha yako kuuzia dawa bila idhini yako ni kuivunja. Lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inatakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90. Ofisi hiyo haitishi bure. Septemba 2023 iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao.

Kabla hujatuma pesa

Ikiwa uzito unakusumbua, anza kwa daktari. Atapima sukari na shinikizo la damu, na kuuliza historia ya familia yako, kwa maana dawa hizi hazimfai kila mtu hata zikiwa halisi. Akikuandikia dawa, inunue duka la dawa lenye leseni, udai risiti yenye jina la duka na la dawa.

Na ukikutana na tangazo lililokuvutia, mwandikie muuzaji maswali matatu. Mfamasia wenu anaitwa nani na amesajiliwa kwa nambari gani? Duka lenu liko wapi na leseni yake ni nambari gani? Dawa hii imesajiliwa na Bodi kwa nambari gani? Ukipata majibu, yalinganishe na kumbukumbu za Bodi ya Dawa na Sumu kabla ya kulipa. Uliza kwa maandishi, usipige simu. Akijibu kweli, umepata duka. Akidanganya, ameshakupa ushahidi. Akinyamaza, pesa zako bado ziko mfukoni mwako.